Chini ya Ishirini

Jumatatu, 3 Juni
46.
Nimeanza na namba kwa sababu leo nimeagizwa kuandika namba. Si katika daftari hili. Daftari nililoagizwa ni lile la ofisi, lenye jalada la kijani na safu tatu za Kiingereza: tarehe, kina, maoni. Hili ni langu. Ila nimeona hata humu nianze kila siku na namba, ili mkono uzoee.

Afisa wa ofisi ya maji alifika asubuhi kusimika kipimo kijitoni. Ni mwanamke mfupi, gambuti zake za kijani zinamfika magotini, na Baba akampa jina kabla hajamaliza kuvuka uwanja: Mama Gambuti. Kipimo chenyewe ni bapa la chuma lenye mistari myeusi na myeupe, kila mmoja sentimita moja, limefungwa kwenye nguzo ndani ya maji, karibu na pale Baba anapotaka kujenga ukuta wa bwawa.

"Saa moja kila asubuhi, siku tisini," akaniambia. "Unasoma pale maji yanapogusa. Ukiumwa, ukichelewa, ukishindwa kwenda, acha wazi. Pengo halinitishi hata kidogo. Kinachonitisha ni namba ya kubuni."

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe, fundi, nakwambia mapema. Kikishuka chini ya sentimita ishirini wakati wowote kiangazi hiki, kibali hakuna. Ukiziba kijito kikiwa chini ya hapo, walio bondeni utawaachia tope."

"Kijito hiki?" Baba akacheka. "Mama, hiki nimekioga toka sina meno."

Alhamisi, 6 Juni
45.
Niandike kwa nini ni mimi. Baba alikuwa mwashi. Mwaka juzi jukwaa lilivunjika akiwa ghorofa ya pili, akaangukia nyonga, na tangu hapo mguu wa kulia haumtii. Ukingo wa kijito ni mwinuko wa udongo mtupu, hawezi kuushuka. Akiwa juu huona matete tu. Halafu fomu zote ni za Kiingereza, na Kiingereza cha Baba kinaishia kwenye majina ya misumari.

Mama alishafariki, tuko wawili nyumbani. Mchoro wa bwawa ameuchora nyuma ya kalenda ya zamani: ukuta, mlango wa maji, sehemu ya samaki wadogo na ya wakubwa. Kila akiutazama anapiga mluzi. Sikuwa nimesikia mluzi ule tangu aanguke.

Ijumaa, 14 Juni
43.
Tangazo la ombi letu limebandikwa mbele ya ofisi ya kata. Mwenye pingamizi aandike. Kabla ya jioni Shangazi alikuwa mlangoni.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Kitalu chake cha miche kiko chini kidogo, kijito kikishapita kwetu. Miche ya matunda na ya kivuli, yote ndani ya viriba vya plastiki, imepangwa kama wanafunzi mstarini.

"Mdogo wangu," akasema hata hajaketi, "utafuga samaki au utafuga vumbi?"

"Karibu kiti, dada."

"Kiti nimekikuta hapa kabla yako. Nijibu."

"Maji yatapita. Kuna mlango wa maji, nimeuchora."

"Umeuchora! Miche yangu nitainywesha mchoro?"

Baba akasema wivu haujawahi kumnenepesha mtu. Shangazi akasema yeye kanenepa tayari, hahitaji msaada. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa upande wa Baba. Naandika ukweli: nilimwona Shangazi mtu wa kelele, asiyependa mdogo wake ainuke tena.

Jumanne, 25 Juni
40. Upepo.

Jumanne, 2 Julai
38.
Shule imefungwa. Sasa asubuhi kijitoni kuna wasichana wanaofua, na kati yao yuko Redio. Tunasoma darasa moja. Hanyamazi, ndiyo maana anaitwa hivyo.

"Karani!" ananiita. "Mto umeamkaje leo? Umekwambia unaumwa wapi?"

Wote wanacheka. Nasoma haraka, napanda.

Jumapili, 7 Julai
36.
Leo Redio amenipokonya daftari la kijani. Akasimama juu ya jiwe la kufulia, akasoma maoni yangu kwa sauti, akibana pua, Kiingereza chote, "maji safi, mwendo wa kawaida", na kila neno akalipindua hadi likawa la kipuuzi. Nilisimama na miguu majini nikasubiri. Ningeweza kumwambia nipe. Ni neno moja. Halikutoka.

Aliponirudishia ukurasa ulikuwa na povu la sabuni.

Jumatatu, 8 Julai
Sikushuka. Nilifika juu ya ukingo, nikasikia vicheko, nikakaa kwenye matete. Jana ilikuwa 36. Nikaandika 36 katika daftari la kijani. Humu siandiki kitu.

Jumatano, 10 Julai
Sikushuka. Kule nimeandika 35.

Jumanne, 16 Julai
Sikushuka. Najua niliambiwa niache wazi. Niliacha wazi Ijumaa, Baba akalifungua daftari usiku akaona. "Hapa pana nini?" Nikasema nilisahau. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, pengo kwenye ukuta mtu halioni mpaka ukuta uanguke." Nikalijaza mbele yake: 35. Akanishika kichwa.

Jumatatu, 22 Julai
Sikushuka. 34, 34, 34, 33. Wala si kazi ngumu. Namba zinashuka kidogo kidogo kama mtu mwenye adabu anavyoshuka ngazi.

Jumamosi, 27 Julai
24.
Leo wasichana hawakuwepo, wanasukana nywele kwa ajili ya shule. Nikashuka.

Kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Nikaingia hadi kwenye nguzo, nikaweka kidole pale maji yanapogusa, nikahesabu mistari kutoka chini. Ishirini na nne. Jana katika daftari la kijani niliandika 33.

Mawe niliyozoea kuyakanyaga ndani ya maji sasa yako nje, yamekauka, yana rangi ya majivu. Nimekaa siku kumi na tisa kwenye matete, mita kumi kutoka hapa, nikibuni kijito ambacho hakipo.

Maji hayashuki tisa kwa siku moja. Mama Gambuti akiona 33 halafu 24 atajua. Kwa hiyo nimeandika 32. Nitashusha pole pole mpaka nifike kwenye ukweli, halafu hakuna atakayeumia. Ndivyo nilivyojiambia nikipanda.

Jumanne, 30 Julai
22. Kule: 30.

Ijumaa, 2 Agosti
21. Kule: 28. Baba ameanza kuchimba msingi wa nyumba ya kuhifadhia chakula cha samaki, mbali na maji, ambako kibali hakihitajiki. Anachimba ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Jumanne, 6 Agosti
19.

Chini ya ishirini.

Nilisimama pale hadi miguu ikafa ganzi. Hesabu ya pole pole imekwisha, kwa sababu nikiufuata ukweli hadi mwisho, bwawa hakuna. Hadi jana nilikuwa naficha uvivu wangu, au woga wangu, sijui niuite nini. Leo ni kitu kingine. Leo nimejua ninachofanya.

Nilipanda nikamkuta Baba anapiga mluzi, tope hadi viwikoni.

"Ngapi leo, karani wangu?"

"Ishirini na saba."

"Umeona? Kijito hiki hakijawahi kunivunja moyo."

Nimegundua kitu. Safu ya maoni naijaza kwa Kiingereza bila shida, kwa sababu sijawahi kulia kwa Kiingereza. Maneno yake nimeyapata ubaoni na kwenye mitihani. Lakini ile "ishirini na saba" niliisema kwa Kiswahili, tena kwa Baba.

Jumatano, 7 Agosti
19. Kule: 27.

Jumanne, 13 Agosti
14. Kule: 25.
Redio huwa anamsaidia Shangazi kitaluni baada ya vipindi. Leo alikuja kwenye dawati langu, bila wenzake.

"Wewe unapima maji, si ndiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mwambie baba yako. Jana nimejaza ndoo ya shangazi yako kwa kikombe cha chai. Kikombe! Ndoo haizami tena, inakaa juu ya mawe."

Nilisubiri mzaha. Haukuja. Vidole vyake vilikuwa na malengelenge ya mpini wa ndoo. Alinitazama, akangoja, akaondoka.

Jumapili, 18 Agosti
11. Kule: 23.
Nimepita kitaluni njiani kutoka dukani. Nilitaka kupita tu. Shangazi aliniona.

"Njoo, mwanangu, unisaidie kuchagua."

Alimaanisha kuchagua ipi ya kumwagilia. Maji hayatoshi miche yote. Tulipita mstari kwa mstari, yeye akigusa jani, akinena, "Huyu atavumilia. Huyu atavumilia. Huyu," akakisogeza kiriba pembeni kwa mguu, taratibu, kama mtu anayemsogeza paka aliyelala. Pembeni palikuwa na viriba vingi.

Hakumtaja Baba. Aliniuliza kama nakula vizuri. Mama alipofariki nilikaa kwake mwaka mzima, na mwaka ule sikuwa nasema chochote, na yeye alikuwa anasema kwa niaba yetu sote wawili. Nilikuwa nimesahau kwamba kelele zake zilianza hivyo.

Jumatatu, 26 Agosti
9. Kule: 21.
Kuna samaki wadogo wamekwama kwenye kidimbwi kando ya nguzo. Niliwachota kwa viganja nikawahamishia penye maji. Ujinga mtupu. Nilikuwa nalia.

Alhamisi, 29 Agosti
10. Mawingu meusi upande wa milimani. Huku halijadondoka tone.

Jumamosi, 31 Agosti
27. Kule: 27.
Mvua ya milimani imetufikia kwa chini. Kijito kimejaa maji ya kahawia, mawe yamezama. Leo ndiyo siku ya tisini, na kwa mara ya kwanza tangu Julai madaftari yangu mawili yanasema kitu kimoja. Mama Gambuti akija kwenye kikao atakuta maji mengi na atatuamini. Hata mvua imeniunga mkono. Sikuomba iniunge mkono.

Alhamisi, 5 Septemba
26.
Kikao cha kusikiliza pingamizi kilifanyika katika ukumbi wa kata. Madawati marefu, meza moja, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Watu kama thelathini. Mama Gambuti alikuja bila gambuti, amevaa viatu vya kawaida, nikaona kwamba ana miguu midogo sana. Alisema gari la ofisi lilikuwa bovu tangu Juni, ndiyo maana hakurudi kukagua, na kwa hiyo ataegemea daftari.

Pingamizi lilikuwa moja tu. Shangazi alisimama na kiriba mkononi. Mche ndani yake ulikuwa mkavu kama kijiti cha kuchokonolea meno.

"Mia tatu na kitu kama huyu," akasema. "Mwezi wa nane nimechota kwa kikombe. Na bwawa halijajengwa bado. Likijengwa nitachota kwa nini, kwa kijiko?"

Wengine wakacheka. Mama Gambuti hakucheka. Alifungua daftari la kijani, akasoma mwezi wa nane wote, siku baada ya siku, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Ishirini na nane. Ishirini na saba. Ishirini na tano. Ndogo kuliko zote ishirini na moja. Nilizisikia zikitoka kinywani mwa mtu mzima, mbele ya watu, zikawa ngumu kama matofali.

"Mama, kwa kipimo hiki ndoo inazama bila tabu," akasema. "Labda kwako mchanga umejaa?"

"Mchanga haujajaa."

"Basi nani kakosea?"

Nilikuwa benchi la tatu, kati ya Baba na ukuta. Redio alikuwa amesimama mlangoni, akinitazama mimi peke yangu.

Shangazi akanyoosha shingo. "Nani aliyeandika?"

"Binti wa mwombaji."

Akageuka. Nilidhani atanielekeza kidole, na nilitaka anielekeze. Lakini uso wake ulilegea.

"Kama ni huyu aliyeandika," akasema polepole, "basi huenda ni macho yangu. Huyu nimemlea mimi. Siwezi kusimama hapa nikamwita mwongo." Akaweka kiriba juu ya meza, karibu na jagi. "Pingamizi langu naliondoa."

Baba akanibana mkono kwa furaha. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeniuliza kitu, lakini nikaitikia kwa kichwa.

Uamuzi utatoka baada ya siku kumi na nne.

Ijumaa, 6 Septemba
26. Sikula.

Jumapili, 8 Septemba
25.
Nimemwambia Baba.

Alikuwa ameketi uwanjani ananoa mwiko wake wa uashi, ule ambao haujagusa saruji kwa miaka miwili. Nilisimama mbele yake na daftari hili. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini nilichoweza ni kusema, "Baba, kule si kweli."

"Kule wapi?"

"Daftari la kijani."

Akaweka mwiko chini. "Tarehe kumi na nane, mwezi wa nane. Ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na kule?"

"Ishirini na tatu."

Aliuliza tarehe nyingine, na nyingine, na kila namba alipumua kidogo kama mtu anayepandishiwa tofali mgongoni. Nilimwambia pia kuhusu matete na siku kumi na tisa.

"Nilikutuma uibe mimi?" akauliza.

"Hapana."

"Nani alikutuma?"

"Ulikuwa unapiga mluzi, Baba."

Aliutazama mchoro wa kalenda uliobandikwa mlangoni, akautazama mguu wake. Mwishowe nikasema kesho baada ya shule nitakwenda ofisi ya maji. Akasema, "Unaniomba ruhusa au unaniarifu?" Nikasema sijui. Akainuka akaingia ndani, na hatujasemezana tena. Nilitegemea atagomba. Kugomba ningekuweza.

Jumatatu, 9 Septemba
25.
Ofisi ya maji ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Gambuti za kijani zilikuwa nyuma ya mlango, zimesimama zenyewe. Mama Gambuti aliniambia niketi. Sikuketi.

Nikasema. Sauti ilikuwa yangu, ila ndogo, akaniomba nirudie, na kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema. Kisha akauliza kama namba za kweli ziko popote.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotakiwa kutoa. Namba za kweli ziko humu. Na humu kuna Baba, na Mama, na Shangazi niliyemcheka nyuma ya pazia, na kulia kwangu kijitoni.

"Kila siku inaanza na namba," nikamwambia. "Tafadhali soma mstari wa kwanza tu."

Alikaa nalo karibu saa nzima akinakili. Nilitazama gambuti. Aliponirudishia alisema, "Siku kumi na tisa za Julai hazina kitu."

"Sikushuka."

"Vizuri umeacha wazi." Akafunga kalamu yake. "Nilikosa na mimi. Siku tisini nimemwachia mtoto, kwa sababu ya gari. Hilo nitaliandika kwenye ripoti kwa jina langu."

Sijui kama alisoma mstari wa kwanza tu. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini chumba kile kina vumbi.

Jumanne, 10 Septemba
25.
Nimekwenda kwa Shangazi. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama kati ya mistari ya viriba. Alinisikiliza hadi mwisho, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya.

"Mbele ya watu," akasema. "Mbele ya watu nilisema macho yangu."

"Ndiyo, Shangazi."

Akanipa mgongo. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipa kopo la kumwagilia.

"Anzia kule mwisho. Na usimwage njiani."

Redio alikuwa upande wa pili wa kitalu na ndoo. Hakusema neno. Tulimwagilia hadi tukakutana katikati.

Ijumaa, 20 Septemba
24.
Barua imekuja. Baba alinipa nimsomee, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza marefu kwangu tangu siku ile: "Soma. Kama ilivyo."

Kibali hakikutolewa. Bwawa la ukubwa ule haliwezekani, kijito kinashuka hadi tisa. Mwombaji akitaka kuomba tena, kwa bwawa dogo la kujazwa wakati wa mvua tu, kipimo kisomwe upya mwaka mzima. Na asome mwombaji mwenyewe.

"Mwenyewe," Baba akarudia. Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Wanajua nyonga yangu?"

Aliutoa mchoro mlangoni. Nilidhani atauchana. Aliukunja akauweka chini ya godoro.

Jumanne, 1 Oktoba
23.
Baba ameanza kujenga ngazi.

Nilirudi shule nikamkuta juu ya ukingo, ameketi kwenye ndoo yake, mwiko mkononi, anapanga mawe kwenye udongo. Ngazi ya kwanza, pana, fupi, ya mtu mwenye mguu mmoja mzuri. Akikamilisha moja anajisogeza juu yake, anaanza nyingine. Shangazi alipita akasimama kumtazama.

"Na hii ngazi ina kibali?"

"Haigusi maji, dada."

"Nauliza tu. Siku hizi familia yetu inafuata sheria."

Baba akamrushia bonge la udongo. Alilenga pembeni. Nilimpokeza mawe hadi giza, hakusema ahsante, lakini kila mara alinyoosha mkono bila kutazama, akijua jiwe litakuwepo.

Jumamosi, 12 Oktoba
25. Hii kaisoma Baba, ya kwanza katika daftari jipya la kijani alilopewa na ofisi. Ngazi kumi na nne. Alichukua nusu saa kushuka, akainama, akasoma kwa sauti. Kisha akayatazama maji muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba.

"Ni padogo," akasema. "Nilikuwa napakumbuka pakubwa."

Jumamosi, 19 Oktoba
Leo nimeanza bila namba.

Imenyesha tangu alfajiri, mvua nzito ya kwanza ya msimu. Nilikuwa kitandani na homa. Nilimsikia Baba akivaa koti, akifungua mlango, akitoka. Baada ya muda nikamsikia akirudi, akivuta mguu, akipumua. Niliogopa ameanguka. Niliogopa pia kitu kingine, nakiandika kwa sababu humu naandika: kwamba atalifungua daftari jipya la kijani na kuandika namba yoyote, kwa kuwa jana ilikuwa 31 na mvua hii, nani asingekisia?

Alipolala mchana nikainuka nikalifungua.

Tarehe ipo. Safu ya kina haina kitu. Kwenye safu ya maoni, kwa herufi kubwa za fundi anayeandika vipimo ukutani, kwa Kiswahili:

MVUA. NGAZI INATELEZA. NILIFIKA YA SITA NIKARUDI. SIKUSOMA.